Nani Ameshika Ufunguo? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za toleo hili zimetoka hapa Uganda: Busia, Iganga, Jinja, Kampala, Mbale na Mukono. Kila mwandishi ana mtu wake wa kumlalamikia: mwenyekiti, mkopeshaji, bwana wa ardhi. Ukizisoma zote kwa mkupuo mmoja unasikia kilio kimoja tu, kwamba "ametushika, lakini hatujui ametushika wapi." Kwa hiyo hatukuhangaika sana na tabia za watu hao. Tumetafuta kitu kilicho mkononi mwao: ufunguo, daftari, kadi, ajenda, stakabadhi. Tabia ya mtu mzima huiwezi. Kufuli unaweza kulibadilisha Jumamosi hii.

Mwenyekiti asiyeng'oka

*Salaam. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Busia kina akina mama 27. Mwenyekiti ni yule yule tangu tulipoanza, na sasa ni mzunguko wa sita. Sanduku linalala kwake na funguo mbili kati ya tatu anazo yeye. Hatujawahi kumkamata na wizi. Ila mkopo anapata anayempendeza, anayeuliza swali anatozwa faini, na kila uchaguzi anapita bila mpinzani. Tutamtoaje bila kuvunja kikundi? – Mama wa duka la vitenge, Busia*

Mama, neno zito katika barua yako ni hilo la kwamba hamjamkamata na wizi. Acheni kuutafuta. Mtu anaweza kutawala kikundi mizunguko sita bila kugusa hata shilingi, na huyo ndiye mgumu kumng'oa, kwa sababu kila mkimlalamikia atafungua sanduku, hesabu itatimia, nanyi mtaonekana wachonganishi.

Utaratibu mnaoutumia ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa eneo la Maradi, chini ya shirika la CARE. Ulitungwa kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, na ndani yake mamlaka yamekatwa vipande makusudi. Sanduku ni la chuma na lina makufuli matatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Wahesabu fedha ni wawili na wanahesabu kwa sauti. Vitabu vya hisa vya wanachama havichukuliwi nyumbani kwa mtu, vinafungiwa humo humo sandukuni ili asipatikane wa kugonga muhuri wa hisa gizani. Kabla ya kufunga, salio linatajwa, kila mmoja analibeba kichwani, na kikao kinachofuata linasemwa na wanachama kabla kufuli halijaguswa. Ndiyo maana idadi inashauriwa iwe kati ya 15 na 30 hivi: wakizidi, wahesabuji wanachoka na watu wanaanza kuangalia saa.

Kwenu vipande vimerudi mkono mmoja. Tunakisia ilivyotokea, kwa kuwa vikundi vingi huharibika kwa njia hiyo hiyo. Mshika ufunguo alichelewa mara mbili, mwenyekiti akasema "niachie mimi, tusiwe tunasubiriana," na wote mkashukuru. Ufunguo wa kuazima haurudi. Kumbuka pia kwamba kufuli jipya dukani huja na funguo mbili au tatu. Za ziada ziko wapi? Ukiuliza hilo kwenye kikao na ukimya ukatanda, umeshajua mengi.

Msimwambie arudishe ufunguo, maana hapo mnamwita mwizi mbele ya watu. Pitisheni kanuni kwamba kila mzunguko mpya unaanza na makufuli mapya matatu, yanunuliwe na watu wawili waliopigiwa kura siku hiyo, na funguo za ziada zitiwe kwenye bahasha, igundishwe, isainiwe juu ya gundi na watu watano, na itunzwe nje ya kikundi, kwa mfano kwa kiongozi wa dini. (Kuna kikundi kinachozitupa chooni mbele ya wote. Hatuna pingamizi.) Mshika ufunguo asipofika, sanduku halifunguliwi na yeye analipa faini. Kikao kimoja cha hasara kitawafundisha watu kuwahi.

Faini ndiyo silaha yake ya pili, na nguvu yake si ukubwa wa kiasi. Ni kwamba yeye ndiye anayeamua kosa ni nini. Andikeni orodha fupi, kwa mfano kuchelewa 500, kukosa kikao bila taarifa 1,000, simu kulia 500, kisha mwibandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Kosa lisiloandikwa pale halina faini. Kuuliza swali hakutaandikwa, kwa sababu hata yeye ataona haya kulitamka liandikwe.

Mikopo je? Kawaida mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya alichoweka. Mvutano huja pale maombi yanapozidi fedha, maana hapo ndipo mwenyekiti anapogeuka mungu mdogo. Mnyang'anyeni uchaguzi huo kwa hesabu. Sanduku likiwa na 1,800,000 na maombi yakifika 2,400,000, kila mwombaji apewe robo tatu ya alichoomba: aliyeomba 400,000 apate 300,000, aliyeomba 80,000 apate 60,000. Hapa pana mtego. Baada ya miezi miwili watu watajifunza kuomba mara mbili ya haja yao ili wakikatwa wabaki sawa. Dawa ni kila ombi kutajwa kwa sauti pamoja na kazi ya fedha hizo, na kile kikomo cha mara tatu kisilegezwe kwa yeyote, awe nani.

Sasa uchaguzi, ambao ndio uliotuletea barua yako. Anapita bila mpinzani kwa sababu mnachagua kwa kunyoosha mikono na nusu yenu mna deni lake. Deni ni la kikundi, lakini mkopaji anaona ni la mwenyekiti kwa kuwa yeye ndiye aliyeidhinisha. Nani atanyoosha mkono dhidi ya mtu ambaye wiki ijayo ataamua kama anaongezewa muda? Badilisheni siku. Uchaguzi ufanyike mara tu baada ya mgawo wa mwisho wa mzunguko, wakati mikopo yote imerudi, kila mtu amekunja hisa zake na faida, na sanduku liko tupu. Siku hiyo hakuna anayemdai mwenzake chochote. Tundikeni pazia au leso, wekeni nyuma yake mifuko ya rangi tofauti, rangi moja kwa kila mgombea, na kila mwanachama aingie na kijiwe kimoja. Vijiwe vihesabiwe hadharani. Kila kiti kiwe na wagombea wawili kwa lazima, hata kama wa pili ametajwa shingo upande, na ukomo uwe mizunguko miwili kwa kiti kimoja.

Ushauri wa mwisho kwenu wengine hawataupenda: msimfukuze. Mwenyekiti aliyetolewa kwa aibu huondoka na marafiki kumi, na kikundi cha watu 27 kikipoteza kumi mfuko wa mikopo unakauka. Mpeni kazi ya kufundisha wanachama wapya au kuwakilisha kikundi kwenye mikutano ya nje. Anajua mambo. Tatizo ni kwamba alikuwa anayajua peke yake.

Kadi yangu iko kwa mkopeshaji

*Mimi ni mwalimu Iganga. Nilikopa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mkopeshaji alichukua kadi yangu ya benki, namba ya siri na kitambulisho cha taifa, na nikasaini karatasi aliyosema ni ya kawaida tu. Mshahara ukiingia anatoa yeye, mimi ananiachia nauli. Miezi mitano imepita na deni bado ni 1,000,000. Nifanye nini?*

Mwalimu, anza na hesabu. Asilimia 20 ya 1,000,000 ni 200,000 kila mwezi, na ukilipa riba tu, kwa miezi mitano umeshamrudishia milioni yake nzima na deni halijapungua hata senti. Usipolipa kabisa na riba ikapanda juu ya riba, mwezi wa tano unadaiwa 2,488,320. Mkopeshaji wa namna hii hataki umalize. Mkopo uliolipwa ni mteja aliyepotea.

Hiyo nauli anayokuachia si huruma. Mtu akikombwa kabisa hutoroka au huacha kazi, na mshahara unakatika. Mtu mwenye nauli ataamka kesho aende shuleni. Ni kipimo kilichofikiriwa vizuri.

Upande wa sheria umesimama vizuri kuliko unavyodhani. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na inamkataza kupokea kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki na namba yake ya siri kama dhamana. Msimamizi ni mamlaka ya UMRA iliyoko Kampala, na malalamiko hupelekwa huko.

Mpangilio wa hatua ni muhimu, kwa sababu ukianza kwa kumgombeza atauwahi mshahara ujao. Kwanza, nenda benki uchukue taarifa ya akaunti ya miezi yote mitano. Kila alipotoa fedha kwa mashine pameandikwa tarehe na kiasi, na hizo ndizo stakabadhi zako ingawa hakukupa hata moja. Pili, siku chache kabla ya mshahara, omba benki ifunge kadi ya zamani na kukupa mpya. Watakuuliza kitambulisho, kwa hiyo tangulia na barua ya LC (baraza la kijiji) yenye picha yako, au pasipoti kama unayo. Usiende polisi kuandikisha kwamba kitambulisho kimepotea. Hakijapotea, na ukisema uongo huo umempa yeye kosa la kukushtaki. Sema ukweli: kimeshikiliwa na fulani kwa ajili ya mkopo.

Tatu, mwandikie. Taja ulichokopa, alichokwisha kutoa kwa mujibu wa taarifa ya benki, na mpango wako wa kumaliza. Kuanzia hapo lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu. Usiache kulipa. Deni ni la kweli, aliyekosea si wewe kwa kukopa bali yeye kwa namna alivyokushika, na ukiacha kulipa utalibeba kosa hilo mgongoni mwako.

Nne, ile karatasi "ya kawaida tu" ndiyo inayotutisha kuliko kadi. Mbinu inayojulikana sana nchini ni kumsainisha mkopaji mkataba wa mauziano: imeandikwa kwamba umeuza kibanja (kipande unachokalia kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine), nyumba au pikipiki kwa 1,000,000 na umepokea. Hakuna neno mkopo popote. Siku ukichelewa, anakuja kudai mali "aliyonunua." Dai nakala yako mara moja, na ikiwa ni hiyo, usisubiri, tafuta mwanasheria. Kwa asiye na fedha, Justice Centres Uganda na FIDA Uganda hutoa msaada wa kisheria. Angalia pia kama ardhi iliyotajwa ndiyo mnayoishi na familia. Mauziano ya ardhi ya familia bila ridhaa ya mke au mume anayeishi hapo hayasimami kisheria, na mara nyingi mkopeshaji kwa haraka zake huwa amesahau saini hiyo.

Jana mwenzao, leo msimamizi wao

*Wakubwa, shikamooni. Nimepakia mizigo miaka minne kwenye ghala la nafaka hapa Jinja. Mwezi uliopita nimefanywa msimamizi wa zamu yenye watu 14, wote rafiki zangu. Nikiagiza wanacheka. Nikifoka wananuna. Nifanyeje wanisikie?*

Marahaba, kijana. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliyapanga mamlaka ya mtu juu ya wenzake katika mafungu matano: cheo, uwezo wa kuzawadia, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na kule kukubalika tu ambako watu hutaka kufanana nawe. Wewe umepewa cheo, ambacho peke yake ni koti tupu. Ujuzi unao tayari. Zawadi na adhabu hujui kama unazo, na hapo ndipo pa kuanzia. Muulize meneja, na akujibu kwa maandishi: unaweza kutoa ruhusa ya siku moja? Kugawa saa za ziada? Kumrudisha mtu nyumbani bila malipo ya siku? Usitishie kitu kabla ya kupata jibu. Tishio moja likipita hewani bila kutekelezwa, la pili halisikiwi.

Kabla ya kuitisha kikao cha watu wote, zungumza faragha na wawili ambao wenzao huwatazama kwanza pakitokea jambo. Unawajua. Usiende kuwaarifu, nenda kuwauliza: ni jambo gani kwenye zamu hii linawaudhi zaidi? Mara nyingi ni mgawanyo wa kazi, kwamba watu wale wale ndio wanaobeba magunia ya kilo 100 kila siku na wale wale wanashika daftari la mizani. Bandika ratiba usiku wa kuamkia zamu, kazi nzito izunguke, na jina lako liwemo wiki za mwanzo. Watu 14 wakishaona zamu inageuka kwa haki, kicheko kinapungua chenyewe.

Agizo lako liwe na kiasi na saa. "Fanyeni haraka" ni kelele. "Magunia 120 kwenye lori kabla ya saa tano" ni kazi, na ikifika saa tano huhitaji kufoka, unahesabu tu.

Mtihani wenyewe utaletwa na rafiki yako wa karibu, atakayechelewa akitegemea utafumba macho. Ukifumba umewapoteza wote 14 asubuhi hiyo. Mwandikie onyo siku ile ile. Onyo la kosa la wiki tatu zilizopita linanuka kisasi. Kula nao kama zamani, ila ondoka mapema kidogo, na usikope kwao wala kuwakopesha.

Kuna mbinu moja wasimamizi wachanga huipenda: kuficha habari. Anajua peke yake lori linafika lini na mizigo ipi inatangulia, ili kila mtu amuulize. Inafanya kazi kwa mwezi mmoja hivi, mpaka siku atakapougua. Zamu itasimama, na mwenye ghala atajiuliza kwa nini mtu mmoja anaweza kumsimamishia biashara.

"Mengineyo"

*Katika kamati ya wazazi ya shule ya watoto wetu, Kampala, mambo ya fedha tunayasikia yameshapitishwa. Tulikuwepo kikaoni lakini hatukumbuki kuyapitisha. – Baba wa watoto watatu*

Mliyapitisha saa kumi na mbili jioni, Baba, chini ya kichwa cha "mengineyo," wakati nusu ya watu walikuwa wameshaondoka kuwahi teksi. Anayepanga mfuatano wa ajenda ana nguvu kuliko mwenye sauti kubwa. Huweka sare na michezo mwanzoni, watu wanabishana masaa mawili juu ya rangi ya soksi, na ada ya jengo inakuja wakiwa hoi.

Ombeni mambo matatu kwa barua. Ajenda itolewe siku saba kabla, na suala lolote la fedha liwe ndani ya vipengele vitatu vya mwanzo. Chini ya mengineyo lisipitishwe jambo la fedha kabisa, litajwe tu na lisubiri kikao kijacho. Kisha, kabla watu hawajanyanyuka, katibu asome maamuzi kwa sauti: limeamuliwa nini, nani atalifanya, lini. Kumbukumbu zinazoandikwa wiki mbili baadaye na mtu mmoja nyumbani kwake ni maoni yake. Piga picha karatasi ya mahudhurio kikao kinapoanza na tena kinapokwisha. Akidi iliyokuwepo saa tisa huenda haikuwepo saa kumi na mbili.

Gawa utawale: je, ni hadithi tu?

*Mwalimu wetu wa historia hapa Mbale husema Waingereza walitawala Uganda kwa kuwagawa watu. Kwa vitendo ilifanyikaje? – Mwanafunzi*

Ilifanyika kwa kuwatumia watu wasio na ndugu mahali walipopelekwa. Waingereza walikuwa wachache na fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo walitafuta mkono ulio karibu. Mji unaoishi umekua kutokana na kazi ya mmoja wao: Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeiteka sehemu kubwa ya mashariki kwa jina la Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kuwaweka mawakala wa Kiganda juu ya watu wa huku. Wakala wa namna hiyo hana ukoo wa kumtetea wala shamba la babu. Akimuudhi aliyemtuma hana pa kukimbilia, na wenyeji hasira zao zinaishia kwake, hazimfikii Mwingereza aliyeketi Entebbe.

Katika ufalme wa Bunyoro ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya Omukama (mfalme) Kabalega kukamatwa mwaka 1899 na kuhamishiwa Shelisheli, machifu wa Kiganda waliletwa, na lugha ya Kiganda ikapewa nafasi ofisini. Mwaka 1907 wakuu wa Bunyoro walikataa katakata kuwatii, tukio linaloitwa Nyangire, yaani nimekataa. Walikuwa na haki, lakini angalia waliyemkataa: Mganda. Mpango ulikuwa umefanya kazi yake. Sehemu za Bunyoro zilizokuwa zimepewa Buganda zilizua ugomvi hadi baada ya uhuru, na kura ya maoni ya Novemba 1964 ndiyo iliyorudisha Buyaga na Bugangaizi.

Usidhani Waingereza ndio waliovumbua mbinu hii. Makabaka, wafalme wa Buganda, walikuwa nayo kabla yao. Wakuu wa koo, bataka, walirithi nafasi zao, na mtu aliyerithi hamdai mfalme shukrani. Kwa hiyo Kabaka aliwakuza batongole, aliowateua mwenyewe na ambao aliweza kuwaondoa mwenyewe. Watoto wa kiume wa machifu nao walilelewa ikulu kama watumishi vijana, bagalagala. Mzazi aliona ni heshima, na ilikuwa heshima kweli. Pia mwanawe alikuwa mikononi mwa mfalme.

Mwaka 1900 mkataba na Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, ulisainiwa wakati Kabaka Daudi Chwa ni mtoto mdogo, na walioamua upande wa Buganda walikuwa Apolo Kagwa na wenzake walioshika madaraka kwa niaba yake. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa machifu 1,000 na watu binafsi. Chifu mwenye hati ya ardhi iliyotolewa na mkataba ataulinda mkataba. Hapo tunaingia kwenye barua ya mwisho, maana ardhi hiyo haikuwa tupu.

Bwana wa ardhi anakataa busuulu

*Tuko kwenye kibanja Mukono tangu enzi za marehemu baba mkwe, kabla ya 1980. Mtoto wa mwenye ardhi amerithi hati na mwaka wa pili sasa anakataa busuulu yangu. Anasema "kaa nayo tu, Nnyabo, hakuna haraka." Majirani wanasema nina bahati. – Mjane, Mukono*

Nnyabo, pole. Hiyo si bahati. Busuulu, kodi ya kibanja unayokatazwa kulipa, ndiyo kamba anayoisuka.

Chini ya marekebisho ya sheria ya ardhi ya mwaka 2010, mkaaji halali wa kibanja haondolewi ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu: kutolipa busuulu ya mwaka. Hana sababu nyingine ya kukutoa, kwa hiyo anaitengeneza. Baada ya muda atasimama mbele ya hakimu aseme hujalipa, na atakuwa anasema kweli.

Lipa hata akikataa. Peleka kiasi kilichowekwa na bodi ya ardhi ya wilaya, si zaidi, ukiwa na watu wawili, mmoja wao akiwa kiongozi wa LC1 ya kijiji. Akikataa, LC aandike barua siku hiyo: tarehe, kiasi, kilicholetwa na nani, kilikataliwa na nani, na muhuri. Kisha mtumie fedha hizo kwa simu yenye jina lake, na kwenye ujumbe uandike "busuulu" na mwaka. Akizirudisha, ujumbe wa kurudisha ni ushahidi wako pia, usiufute. Nakala ya barua ya LC ipeleke gombolola (ofisi ya utawala iliyo juu ya vijiji) na kwa ofisi ya ardhi ya wilaya, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Rudia kila mwaka bila kuruka.

Kwa kuwa familia ilikuwa hapo zaidi ya miaka 12 kabla ya katiba ya 1995 bila kupingwa, mna hadhi ya ukaaji inayolindwa, na wajane na warithi wanaiendeleza. Tafuta sasa wazee wawili wanaokumbuka mlivyoingia, waandike na kusaini wakiwa bado na nguvu. Akitaka kuuza ardhi anapaswa akuanzie wewe, nawe ukitaka kuuza kibanja unaanzia kwake. Ukimuuzia mtu kimyakimya utakuwa umempa kile anachokitafuta.

Atakapokuja na karatasi ya "kuhakiki wapangaji," usisaini papo hapo. Ndani yake neno kibanja hugeuzwa kuwa nyumba ya kupanga, na busuulu kuwa kodi ya mwezi. Mwambie unaipeleka kwa LC kwanza. Stakabadhi za zamani za baba mkwe, hata zilizoliwa na mchwa, zipige picha zote pande mbili na utume kwenye simu ya mtoto anayeishi mji mwingine.